Mkono Kinywani mwa Solomoni

Kina mama mnaofuga alpaka na lama, wale wanyama wa sufu wa jamii ya ngamia, na hata wewe ambaye mnyama wako ni ng'ombe mmoja tu wa maziwa, nawaandikia jambo moja. Daktari wa mifugo akija akauliza nani amegusa mdomo wa mnyama, msimwache baba wa nyumba ajibu kwa niaba ya wote. Kila mtu ajibu mwenyewe, tena aonyeshe mikono yake. Someni mpaka mwisho, halafu mniambie kama nawatisha bure.

Binti yangu Lydiann ana miaka kumi na tisa, na ndiye pekee wa watoto wetu aliyebaki nyumbani. Alpaka wa hapa kwetu ni wake. Alianza na wawili aliopewa na babu yake, sasa wamejaa zizi zima la upande wa mashariki. Sufu yao anaichana na kuisokota mwenyewe pale dirishani, anafuma soksi na kofia ambazo wageni wa mjini wananunua hata kukiwa na jua kali. Vichana vya kuchania sufu vina meno ya chuma, na kipindi cha baridi vidole vyake havikosi mikwaruzo. Hilo mlikumbuke.

Kwa ajili ya mbweha tulimleta lama dume awalinde. Alikuwa mweupe, mrefu, shingo wima, anakutazama kutoka juu kama umemkosea. Lydiann alimpa jina Askofu. Baba yake, Mahlon, alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Kisha akajifuta mdomo akasema, "Mbadilishie jina kabla ya Jumapili." Basi akaitwa Solomoni. Lakini jirani yetu Reuben Keim alikuwa ameshasikia, na kila akipita kwenye uzio alivua kofia. "Habari za asubuhi, Baba Askofu." Solomoni alikuwa anarudisha masikio nyuma na kumtemea. Hakukosa mara nyingi.

Sasa, mwaka uliotangulia tulikuwa na alpaka jike aitwaye Pilipili. Alianza kuburuta miguu ya nyuma kama mtu aliyekalia mguu ukafa ganzi. Tukamwita Daktari Kessler. Akamlaza, akanyoa sufu juu ya nyonga, akaingiza sindano ndefu mgongoni na kutoa maji kidogo. Akayapeleka kwenye darubini, akarudi na jibu: ni mnyoo wa kulungu. Kulungu analala malishoni, kinyesi chake kinaliwa na konokono wale wasio na gamba, alpaka anakula konokono pamoja na majani, na mnyoo unapotea njia unaingia kwenye uti wa mgongo. Pilipili alitibiwa, akapona. Mpaka leo anatembea nyonga zikiwa pembeni kidogo, kama mwanamke aliyebeba ndoo, lakini anatembea, na ana mtoto.

Tangu hapo kila mtu hapa alikuwa bingwa wa minyoo ya kulungu. Mnyama akijikwaa tu, utasikia, "Mnyoo huo." Mbuzi akikohoa, "Mnyoo huo." Reuben alivunjika kidole cha mguu kwa kuangusha shoka, Mahlon akamwuliza kama amekula konokono.

Kwa hiyo Solomoni alipoanza kuyumba, siku chache baada ya Mwaka Mpya, hakuna aliyeshtuka.

"Mnyoo," akasema Mahlon, akiendelea kuvaa buti. "Nikirudi kutoka kiwandani nitampigia daktari."

Solomoni alikuwa amesimama kwenye kona akiegemea mbao. Alikuwa anatoa ile sauti yao ya puani, mm, mm, lakini nzito na isiyokatika. Udenda ulikuwa unamtoka ukigandia kifuani. Nyasi kavu alizitia mdomoni zikabaki hapo hapo, hazishuki.

Katika nyumba ndogo iliyoungana na yetu anaishi Shangazi Fannie, dada wa marehemu baba mkwe wangu. Ana dawa yake ya kila kitu: kitunguu saumu, siki ya matufaha na molasi. Alituletea chupa nzima, imefungwa kwa kitambaa.

"Mpeni kabla huyo daktari wenu, binti wa chuo, hajaja na masindano yake," alisema. "Mimi nimelea watoto tisa na ng'ombe sijui wangapi, na hakuna hata mmoja aliyechomwa mgongoni."

"Shangazi, wawili kati ya hao watoto walipelekwa hospitali," nikamwambia.

"Walipelekwa na baba yao. Mimi sikuwapeleka."

Chupa niliiweka kwenye dirisha la ukumbi wa nyuma, nikaingia kuoka mikate. Sikuitazama tena. Mahlon hakujua hata kama ipo.

Daktari Kessler alifika siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, theluji imemfika kwenye magoti. Ni mwanamke mwembamba, ana maneno machache, na kabla hajaingia zizini huwa anasimama mlangoni akimtazama mnyama kwa muda mrefu. Siku hiyo alisimama zaidi ya kawaida. Akarudi kwenye gari lake akachukua glavu nene, miwani ya plastiki na kitambaa cha kufunika mdomo. Na sisi akatugawia glavu.

"Tangu lini hamezi?" aliuliza.

"Tangu jana asubuhi," Mahlon akajibu.

"Mmeona mnyama wa porini wa ajabu karibu na zizi?"

"Kulungu tu, kama siku zote."

Akavuta pumzi. "Nisikilizeni. Inaweza kuwa minyoo, kama Pilipili. Inaweza kuwa ugonjwa wa nyasi zilizooza. Na kuna jambo la tatu, kichaa cha mbwa. Jina ni la mbwa, lakini mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kuupata. Kwa hiyo nauliza. Kuna mtu aliyetia mkono mdomoni mwake, au aliyerukiwa na mate yake kwenye kidonda? Kama yupo, sitachukua maji ya mgongo. Itabidi nimlaze kabisa leo hii, asiamke tena, na kichwa chake kiende maabara ya serikali, kwa sababu ugonjwa huo unaonekana kwenye ubongo peke yake. Kama hayupo, nitachukua maji, na Solomoni atapata nafasi."

Sisi tumezoea hivi: mgeni akiuliza, baba wa nyumba ndiye anayejibu. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, ndivyo tulivyo. Mahlon alimtazama daktari, akasema kwa utulivu, kwa sababu ndivyo alivyojua, "Hapana. Hakuna aliyemgusa. Tulikungoja wewe."

Lydiann alikuwa amesimama nyuma ya bega la baba yake, anavaa glavu. Hakusema chochote. Daktari alikubali kwa kichwa na kuanza kupanga vifaa vyake kwenye taulo.

Alimchoma Solomoni sindano ya kumlegeza. Baada ya muda magoti yalikunjika, akakaa chini kama ngamia anavyokaa, miguu chini ya tumbo. Mahlon akamkumbatia mabega. Lydiann akashika hatamu, kichwa kikiwa kimeegemea mfuko wa nyasi ili kisimwelekee. Mimi nilishika taa, kwa sababu dirisha lilikuwa limeziba kwa theluji.

"Miguu ya nyuma ivutwe mbele kidogo," daktari alisema. "Nataka mgongo ufunguke. Hivyo. Na akiruka, msiachie. Sindano ikiwa ndani na yeye akaruka, nitamharibu mwenyewe."

Akanyoa sufu mahali kama kiganja cha mkono, pale mgongo unapokutana na nyonga. Akasugua kwa iodini, akafuta kwa spiriti, akarudia tena na tena mpaka ngozi ikawa ya kahawia. Akachoma ganzi. Kisha akatafuta kwa kidole gumba kile kibonde kilichoko katikati, baada ya mfupa wa mwisho wa kiuno. Akabadilisha glavu. Sindano ilikuwa ndefu kama kidole changu cha kati, na ndani yake kuna uzi wa chuma unaoziba tundu. Akaisimamisha wima akaanza kuishusha, polepole mno, anasimama, anashusha.

Nilimsikia Lydiann akimnong'oneza yule lama sikioni, "Tulia, Askofu. Tulia baba." Alimwita kwa jina la zamani.

Mkia ukaruka mara moja. "Tumefika," daktari akasema. Akautoa ule uzi, na tone likapanda likajaa kwenye kichwa cha sindano. Akaunganisha bomba, akavuta kidogo kidogo, akajaza vichupa viwili, akatoa sindano na kubonyeza pamba. Kisha akainua kichupa kimoja mbele ya taa yangu.

Yalikuwa maji. Meupe, safi, kama ya kisimani.

"Ni mazuri?" Mahlon akauliza.

"Kwa macho ni maji. Ya Pilipili nayo yalikuwa hivi hivi. Jibu liko kwenye darubini." Akaanza kufungasha. "Mnyoo ukiwemo, kunakuwa na chembe fulani zinazoshika rangi nyekundu zikitiwa dawa. Nikiziona hizo nitafurahi. Maabara ya chuo itanijibu kesho kutwa, nitawapigia. Mpaka hapo asiingie mtu humu."

Tulimshukuru. Lydiann alibaki mlangoni mwa zizi mpaka nikamwita mara mbili.

Siku ya pili yake ilikuwa Krismasi ya Kale, tarehe sita Januari, ambayo kanisa letu bado linaiadhimisha. Tunafunga mpaka adhuhuri, hatufanyi kazi isipokuwa kulisha wanyama, tunasoma na kukaa kimya. Nyumba ilikuwa tulivu kiasi kwamba nilisikia saa ya Shangazi Fannie kupitia ukutani. Mahlon alikwenda zizini akamtazama Solomoni kwa mbali, akarudi akasema amelala, amekunja shingo.

Adhuhuri tukafungua. Nilitoa mkate, nyama baridi, jibini, na mtungi wa bitiruti za siki. Uma ulikuwa umepotea, basi Lydiann akaingiza vidole mtungini kutoa kipande. Akavuta mkono kama ameungua.

"Nini?" nikauliza.

"Siki tu."

"Lete nione."

"Mama, ni vichana. Unavijua vichana."

Nikaushika mkono. Kwenye kidole cha shahada na cha kati kulikuwa na mikwaruzo ile ya kawaida. Lakini juu ya fundo la kidole kulikuwa na mchubuko mwingine, mpana, umefanya kigaga. Vichana havichubui hivyo. Hivyo huchubua jino.

Niligeuka nikatazama dirisha la ukumbi wa nyuma. Chupa ya Shangazi ilikuwa pale pale. Dawa ilikuwa nusu.

Shangazi Fannie naye aliona nilikotazama. "Kumbe alimpa," akasema, akatabasamu. "Nilijua mtoto huyu ana akili."

"Lydiann," nikasema. "Ulimnyweshaje?"

"Kwa chupa."

"Na mkono ulifuata nini?"

Mahlon alikuwa anakata mkate. Kisu kikasimama.

"Hakuwa anameza," Lydiann akasema, akitazama meza. "Dawa yote ilikuwa inarudi. Nilidhani amekwamwa na tufaha, yale yaliyoganda niliyowapa siku ile. Nikaingiza mkono kutafuta. Hapakuwa na tufaha. Akanifinya kidogo, si kwa ubaya, Mama, hakuwa na nguvu hata ya kufunga mdomo."

"Bila glavu?"

"Bila."

"Na jana daktari alipouliza?"

"Alimwuliza Baba." Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Angemkata kichwa. Alisema mwenyewe, leo hii. Kama ni minyoo je? Angekuwa amekufa bure. Nilitaka tu maji yake yatazamwe kwanza. Kesho daktari anapiga, anasema ni mnyoo, mambo yamekwisha."

Nilikuwa nimeshasimama, natafuta shali yangu.

"Usiende, Mama. Ngoja kesho tu. Ukipiga simu leo atakufa."

"Nani, Lydiann? Sema tena. Atakufa nani?"

Shangazi Fannie akasema kitunguu saumu kinaua kila kitu, na mkono uliopita kwenye kitunguu saumu hauwezi kudhurika. Mahlon, ambaye katika maisha yetu yote sijawahi kumsikia akimkata shangazi yake maneno, akasema, "Nyamaza, Shangazi." Kisha akaniambia, "Nenda. Mimi nakaa naye."

Kanisa letu haliruhusu simu ndani ya nyumba, kwa hiyo kibanda chetu cha simu kiko njia panda, tunakitumia nyumba nne. Ni kibanda cha mbao tu, kina kiti, simu, na mashine inayopokea ujumbe. Huwa tunakwenda jioni kusikiliza nani amepiga. Jioni iliyotangulia hakuna aliyekwenda kwa sababu theluji ilikuwa nyingi na daktari alisema kesho kutwa, na siku hiyo hakuna aliyekwenda kwa sababu ya siku yenyewe. Nilikuwa natembea na buti za Mahlon, zinanitoka.

Reuben Keim alikuwa kwenye lango lake, anatazama tu theluji kama watu wanavyofanya siku ya kufunga.

"Saloma," akasema, "leo hata simu imepumzika. Au Baba Askofu amekutuma?"

Nilipita. Alipoiona sura yangu aliacha mzaha, akanifuata nyuma kwa mbali, akasimama nje ya kibanda akiwa amevua kofia.

Kitaa chekundu cha mashine kilikuwa kinawaka na kuzima. Nikabonyeza. Kwanza alikuwa mtu anayetuuzia mbao. Kisha ilikuja sauti ya Daktari Kessler, na mashine ikasema ni ya jana yake, saa kumi jioni.

"Mahlon, Saloma, ni Kessler. Sikungoja maabara ya chuo, nimetazama mwenyewe hapa. Zile chembe nyekundu nilizozitafuta hazipo. Hata moja. Zipo za aina nyingine, na hizo sizipendi. Haimaanishi kwamba nina hakika. Lakini naomba msimsogelee kabisa. Na waulizeni watu wote wa nyumbani, mmoja mmoja. Kama kuna aliyegusa mate yake, nipigieni saa yoyote, msingoje kuche."

Ujumbe huo ulikuwa umekaa ndani ya kibanda usiku kucha na asubuhi nzima, unawaka na kuzima, na sisi tuko nyumbani tumefunga midomo.

Nikapiga. Alipokea papo hapo. Nilimweleza, na hakunilaumu, ingawa nilimsikia akikaa kitini. "Osheni huo mkono kwa sabuni na maji mengi, robo saa nzima, halafu hospitali leo," alisema. "Msinisubiri mimi. Mimi nakuja kwa ajili ya Solomoni. Mwambieni daktari wa hospitali anipigie." Nikampigia pia Harlan, mzee wa mjini anayetuendesha tukiwa na safari ya mbali, maana sisi hatumiliki magari. Akasema anawasha gari.

Niliporudi, Mahlon alikuwa ameshamwosha mkono bila kuambiwa, maji yanamwagika sakafuni, anasugua kama anasugua kwato. Lydiann alikuwa amemwachia mkono kama si wake.

"Baba, unaniumiza."

"Najua."

Hakuna mtu aliyemzuia asimwone Solomoni, lakini hakuomba. Gari la Harlan lilipokuwa linageuka uani, lile la daktari likaingia. Alishuka akiwa na kisanduku chake cheusi na beseni lenye mfuniko. Lydiann aliviona. Akainamisha kichwa mpaka ukingo wa kofia yake ukafunika uso, na alikaa hivyo mpaka mjini.

Hospitalini walimchoma sindano mkononi, halafu dawa nyingine wakaichoma ndani ya kidonda chenyewe, pale kwenye fundo la kidole ambapo hapana nyama. Nimezaa mara sita na sijui kama niliumia vile nilivyoumia kumtazama. Muuguzi alimwambia alie, hakuna tatizo. Hakulia. Alisema tu, "Yeye hakutikisika jana. Nilimwambia atulie akatulia."

Kabla hatujaondoka nilimwuliza daktari wa hospitali kama tumechelewa. Alisema dawa hii inafanya kazi ugonjwa usipokuwa umeanza kuonekana. Ukishaonekana kwa mtu, alisema, akasimama hapo, akamtazama Lydiann, akamalizia kwa maneno mengine. Nilielewa yale aliyoyaacha.

Jibu la maabara ya serikali lilikuja siku iliyofuata jioni. Safari hii Mahlon alikuwa amekaa ndani ya kibanda cha simu tangu asubuhi, na blanketi magotini. Nilimwona akija shambani polepole, na kabla hajafika nilijua.

"Ni chenyewe," alisema. Hatukuingia ndani. Tukasimama ukumbini. Kisha akasema, akitazama upande wa zizi, "Kulikuwa na kicheche."

"Kicheche gani?"

"Wakati wa kuvuna mahindi. Nilikuta amekanyagwa amekufa katikati ya alpaka. Solomoni alimwua, na bila shaka naye aling'atwa. Nilimchukua kwa koleo nikamtupa kwenye shimo la samadi, nikafikiri, vizuri, huyu lama anafanya kazi yake. Daktari aliuliza mnyama wa ajabu. Kicheche si wa ajabu. Wako kila mahali. Sikumkumbuka hata kidogo, Saloma. Nilikumbuka kulungu."

Nilimshika mkono, tukasimama.

Shangazi Fannie alikuja jioni ile kupitia mlango wa kati. Nilidhani amekuja kutetea dawa yake. Alikaa kando ya Lydiann, akachukua soksi iliyokuwa haijamalizika, akaanza kufuma mahali mtoto alipoachia, kwa sababu kidole kile kilikuwa kimevimba. Kisha akasema, "Chupa ile nimeimwaga."

"Hukuwa na haja, Shangazi," Lydiann akamjibu. "Dawa haikumwua."

"Najua haikumwua. Lakini ndiyo iliyokutia mkono mle."

Shemasi alipita akasema kanisa litasimamia gharama za hospitali, tusifikirie. Watu wa serikali walikuja wakasema alpaka wakae peke yao miezi kadhaa, wasiuzwe, wasiguswe bila glavu. Sasa Lydiann anawalisha akiwa amevaa glavu nene za mpira. Pilipili humnusa zile glavu, halafu humtazama usoni kama anamwuliza huyu ni nani. Sufu ya mwaka huu haitachanwa.

Sindano zilizobaki amekwisha kuchomwa zote. Daktari wa hospitali anasema tushukuru, tumewahi, tuendelee na maisha yetu. Reuben Keim anapita kwenye uzio na kofia ameivaa. Mahlon amejenga mlango mpya wa zizi, na kila jioni anakwenda njia panda, kuwe na theluji, kuwe na mvua, hata ikiwa Jumapili, na askofu wa kanisa letu amejua na hajasema kitu.

Mimi ndiye sijatulia. Nilisikia hospitalini kwamba ugonjwa ule ukianza, mtu hushindwa kumeza maji. Anayatamani, anayaogopa. Basi kila asubuhi, kabla ya kahawa, kabla ya uji, namwekea Lydiann glasi ya maji mezani pale anapokaa. Najifanya nageuza mayai kwenye kikaango, lakini namtazama kooni.

Siku za kwanza alikuwa anakunywa bila kufikiri. Kisha akajua. Nilimwona alipojua: aliinua macho juu ya ukingo wa glasi akakuta yangu. Nilifikiri atanikasirikia, aseme, "Mama, acha." Hakusema.

Leo asubuhi nilimwekea tena. Alikaa, akajifunga nywele vizuri chini ya kofia yake nyeupe, akaichukua glasi kwa mkono ule wenye kovu. Alikunywa yote, polepole, ananitazama, ili nione kila fundo likishuka. Alipomaliza akaigeuza glasi juu chini kwenye kitambaa cha meza, halikudondoka hata tone.

"Haya, Mama," alisema. "Mayai yanaungua."